Ukuta wa Mama wa Chapa

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki. Nilianza na sufuria moja ya mahindi ya kuchemsha pale makamio, malori ya mizigo, yanaposimama Kanyabayonga, na leo nina jengo la ghorofa mbili Butembo, vioo vya bluu, mlango wa chuma uliotoka Uchina. Nimelala Dubai, Guangzhou na Jakarta, miji ambayo mkuu wa shule aliyenifukuza darasa la tatu hakuwahi kutuonyesha hata kwenye ramani. Nimeona noti za pesa zikigeuka karatasi za kufungia karanga kwa siku moja. Nimeona askari wa nchi tatu wakinywa soda kwenye baraza yangu, wote wakisema wamekuja kunikomboa, na wote wakaondoka bila kulipa soda. Kwa hiyo mtu akija na habari ya ajabu namwambia kaa chini, kunywa chai, mimi nilishaona.

Hata Mama wa Chapa hakunishangaza. Nataka hilo lieleweke. Alinikasirisha, alinichekesha, alinifanya niwe kama mtoto anayengoja zawadi ya shule iliyomfukuza. Sasa ni miaka mingi, na bado nikipita ule mteremko chini ya barabara kubwa miguu yangu inapunguza mwendo yenyewe. Pale palipokuwa na mashine yake sasa wanauza simu. Nasimama mlangoni kama mtu anayetaka kununua simu. Nina simu tatu.

Jina lake alikuwa nalo, na wenye kulijua wanalijua. Sisi wote tulimwita Mama wa Chapa kwa sababu alichapa. Mashine ilikuwa ya zamani, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, aliyoinunua kwa wamisionari walipochoka nayo. Alichapa kadi za harusi, bulletin za shule za kuandikia alama za watoto, karatasi za nyimbo, matangazo ya matanga, na vibandiko vya sabuni za watu waliokuwa wanapika sabuni nyuma ya nyumba zao. Yeye alikuwa Mprotestanti mkavu, wa kanisa lisilopiga hata ngoma, lakini karatasi za misa za sisi Wakatoliki alizichapa vizuri kuliko za kwao. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Bakatoliki banalipa mbele ya kuimba. Ba kwetu banaimba kwanza."

Herufi zake zilikuwa vipande vidogo vya madini ya risasi, kila kimoja kama jino la mtoto, vimelala ndani ya sanduku pana lenye vyumba vingi. Hakuangalia sanduku. Macho yake yalikuwa kwako, mdomo wake ulikuwa unakugombeza, na mkono wake ulikuwa unaenda kushoto, juu, pembeni, unaokota jina lako. Kwa sababu herufi hupangwa zikiwa zimegeuka, alikuwa amezoea kusoma kila kitu kinyume. Ukimkalia mbele na karatasi yako umeishika upande wako, yeye alishaimaliza. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo. Alivinawa kwa petroli na majivu kila jioni, na kila asubuhi vilikuwa vyeusi vilevile. Chakula cha mchana kilikuwa avoka moja na chumvi, amesimama, anaishika kwa karatasi ili wino usiingie.

Hakujua kupunguza bei. Hiyo tuseme ukweli. Sisi watu wa Butembo tunapunguziana hata bei ya jeneza, ni namna ya kuheshimiana. Yeye hapana. Ukimwambia, "Mama, nifanyie kitu," anakujibu, "Nakufanyia kadi. Unataka kitu gani ingine?" Na hakukopesha, na hakupokea zawadi. Nilimletea kitambaa kutoka Dubai, kitambaa cha maana. Akakiangalia, akakitathmini kwa kidole, akanitolea bei yake kutoka kwenye bei ya kadi zangu, mpaka franga ya mwisho. Nilitoka pale na kadi zangu na aibu.

Sasa ukuta.

Wakati ule mfanyabiashara wa Butembo hakuweza kupanda ndege bila kadi za jina. Unafika kwa Mchina huna kadi, anakuona kama mtu aliyepotea. Kwa hiyo sote tulipita kwa Mama wa Chapa kabla ya safari. Naye alipokukabidhi kadi alikuwa anasema maneno yale yale: "Ukifika kule, uniulizie banaitaka je ile kitu."

Wanaiitaje ile kitu. Mara ya kwanza sikuelewa. Nikamuuliza kitu gani, sabuni? Akanieleza kama anavyoeleza mtu aliyechoka. Alitaka kujua watu wa kule wana neno gani kwa kazi ya mtu kuandika maneno ambayo hayauzi kitu, hayaiti mtu kwenye mkutano, hayatangazi kifo, lakini watu wanayasoma au wanayasikiliza mpaka chakula kinapoa. Hadithi, mashairi, na yote ya namna hiyo. Neno moja la kuyabeba yote. Na kuandika kwenyewe, wanakuita nini.

Ukirudi na neno, alikuwa anakukalisha kwenye kiti cha mbao na kukuuliza. Nani alikuambia? Alikuwa anafanya nini saa ile? Alicheka, au alifikiri kwanza? Ukimjibu vizuri, alikuwa anapanga neno lile kwa herufi kubwa, na chini yake maana, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina lako wewe uliyelileta. Anachapa kipande kimoja tu. Anakibandika ukutani.

Hayo ndiyo yote. Lakini muelewe Butembo. Sisi hatuna mfalme wa kutuvalisha nishani. Ukuta ule, kila mteja aliusoma wakati anangoja. Wauza viatu walikuwa pale. Mwenye duka la dawa alikuwa pale. Pasta mmoja aliyesoma Uganda alikuwa pale kwa kumwambia kwamba kuandika kwa Waingereza, zamani sana, kulikuwa kukwaruza, kama kuku. Mgriki wa kahawa wa Beni alikuwa pale na neno refu kama treni, logotekhnia, ufundi wa maneno. Na mimi, niliyefika mbali kuliko wote hao, sikuwa pale. Kila mara nilipoingia macho yangu yalikwenda kutafuta jina langu kwenye ukuta ambapo nilijua halipo. Nilikuwa na jengo. Nilitaka kipande cha karatasi.

Basi nieleze nilivyoshindwa, maana mtu akijenga anaweza pia kusimulia ukuta uliomwangukia.

Safari ya Dubai nilimuuliza mwenye duka la matairi. Alikuwa anahesabu pesa, hakutaka maneno. Nikamwekea noti mezani. Akaandika neno nyuma ya risiti, akalisoma: adab. Nikarudi mbio mpaka kwa Mama wa Chapa, sikupita hata nyumbani.

"Ulimulipa?"

"Kidogo tu, Mama."

"Alikuwa nafanya nini?"

"Alikuwa anahesabu makuta."

Akaichukua risiti, akaiweka ndani ya kopo la misumari. "Ile ulinunua," akasema. "Bintu bya kununua uweke ku depo yako."

Miezi mingi haikupita, muuza sandali mmoja, mtu wa mzigo mdogo, alirudi kutoka Dubai na neno lile lile. Lile lile, herufi kwa herufi. Yeye alilipata kwa mlinzi wa usiku wa hoteli, Msudani aliyekuwa anasoma kitabu chini ya taa ya ngazi. Muuza sandali alimuuliza anasoma nini, mzee akamsogezea kiti, akamwambia kwamba kwa Kiarabu maandishi mazuri na tabia njema vinaitwa kwa jina moja, na kwamba ninyi Waswahili mlichukua ile ya tabia tu, mkaiita adabu, mkaacha ile nyingine bandarini. Neno likaenda ukutani na jina la muuza sandali.

Nikaenda kugomba. "Mama, ni neno lile lile!"

"Yako ulinunua. Yake alipewa."

"Sasa kuko tofauti gani ku ukuta?"

"Ku ukuta hakuna. Ku miye iko."

Safari ya Guangzhou nikawa mwerevu. Sikumlipa mtu. Binti mkalimani, mtu wa heshima, tulikuwa tunangoja gari la mizigo, nikamuuliza. Alifikiri, akacheka kidogo, akachukua kalamu akaniandikia alama ndani ya kiganja. Akasema alama hiyo zamani ilikuwa michoro tu, kama madoa ya chui au maua ya kitambaa, na kutoka hapo ikawa maandishi, na kutoka maandishi ikawa ile kitu ya Mama wa Chapa. Nilifurahi kama mwizi. Sikunawa mkono ule ndani ya ndege. Chakula nilikula kwa mkono wa kushoto, abiria wa pembeni akaniangalia vibaya. Lakini Entebbe ni joto, na kutoka Entebbe mpaka mpakani Kasindi ni vumbi, na pale mpakani mtu anatoa jasho hata kama karatasi zake ni safi. Nilipofungua kiganja mbele ya Mama wa Chapa kulikuwa na uchafu wa bluu.

Aliushika mkono wangu, akausogeza kwenye mwanga wa mlango, akauangalia muda mrefu, kama daktari. Akasema, "Hii ni nini? Mawingu?"

Nikamweleza maana. Madoa ya chui, maua ya kitambaa. Niliona imempendeza, uso wake ulifunguka. Lakini akauachia mkono wangu.

"Maana ni muzuri. Lakini siko na herufi ya kupanga maana. Leta neno."

Na wakati huohuo, jamani, ukutani kulikuwa na kipande cha askari. Askari aliyechukua mbuzi wake. Wakati wa vita ya pili kijana mmoja msemaji wa Kilingala aliingia pale kutafuta karatasi ya kusokota sigara, na Mama wa Chapa, badala ya kuogopa, akamuuliza. Kijana akasema kwao kuandika ni kokoma, na kufika ni kokoma, sauti tu ndiyo inapanda mahali pengine. Akaimba yote mawili mara nyingi, bunduki begani, mpaka mama akashika tofauti. Akasema mama yake kijijini alikuwa akimwambia, ukiandika barua na wewe umefika. Akaondoka na karatasi ya sigara na mbuzi. Neno lake likabandikwa: kokoma, kuandika, jirani ya kufika. Na jina lake chini.

"Alikuibia mbuzi," nikamwambia.

"Mbuzi aliiba. Neno alitoa."

Usidhani alikuwa mtu wa vitabu. Hilo ndilo nililochelewa kulijua. Siku moja, mvua inapiga mabati, hakuna mteja, nilimuuliza katika maisha yake alisoma vitabu vingapi vya hadithi. Akafuta mikono. Akasema hakuna hata kimoja alichomaliza. Macho yake yalikuwa yanasimama kwenye kila herufi, yanaangalia kama imekaa sawa, kama haikuvunjika mguu. Akifika mwisho wa ukurasa amechoka, na hajui nani alimpenda nani. "Njo maana nauliza," akasema. "Miye niko kama mutu anauza chumvi, hana ulimi. Nataka batu baniambie iko na utamu gani."

Alikuwa na mawazo yake juu ya maneno yale, na mengine nadhani yalikuwa makosa. Aliamini Wareno hawana neno kabisa, kwa sababu Mreno mmoja wa zamani alishindwa kumjibu. Lakini alipoanza kulinganisha, ungependa umsikilize. Alikuwa anatembea mbele ya ukuta na fimbo ya kupimia karatasi. "Bafaransa banasema littérature. Ni herufi, ni hibi bintu byangu bya risasi. Ni kama kuita nyama jina ya sufuria. Ba kule bahari banasema fasihi, shofari wa kamio ya Tanzania aliniambia, ni mudomo yenye kusema bintu wazi, hakuna kalamu ndani. Baarabu, adabu. Mugriki, ufundi. Mungereza anakwaruza. Kila mutu aliita ile kitu kufwata penye aliishikia." Halafu ananigeukia. "Sasa wewe mutu wa depo, kama kamio moja inabeba bintu byenye majina yote hayo, unaandika nini ku bordereau, ile karatasi ya muzigo?"

Nilimwambia nitaandika mizigo mbalimbali. Alicheka mpaka akakaa. Kicheko chake kilikuwa kifupi na kizito, na nilikuwa nakitafuta siku nyingine bila kukipata.

Katikati ya ukuta aliacha nafasi tupu kwa Kinande, lugha yetu. Maana kwetu, alisema, hadithi ina jina lake, kitendawili kina jina lake, wimbo wa msiba una lake na wimbo wa kubembeleza mtoto lake, lakini kapu moja la kuyaweka yote wazee hawakulisuka. Mapasta walimletea maneno ya kutengeneza, akayakataa. Akasema labda kapu halikuhitajika kwa sababu hakuna aliyekuwa anahama nayo. Mimi nadhani hapo alisema kitu kikubwa, lakini mimi ni mtu wa darasa la tatu, nafasi ile sikuigusa.

Vita ilimletea kazi. Kila waliochukua mji walitaka karatasi zenye kichwa: jina la serikali yao, nembo, mji, tarehe. Wale waliokuja wa kwanza aliwapangia vizuri, mistari mitano na fremu ya maua. Walipofukuzwa na wengine, hawa nao wakaja. Akafungua kamba, akatoa mstari mmoja wa katikati, akaweka mwingine, akafunga. Fremu ile ile, maua yale yale. Walipogawanyika wenyewe kwa wenyewe wakaja makundi mawili kwa wiki moja, na yeye akawa anabadilisha mstari asubuhi na kuurudisha mchana. "Ni mustari moja tu," aliniambia, kana kwamba anazungumzia kifungo cha shati. Na wote walilipa kabla, hata wale wenye bunduki. Sijui alifanyaje. Mimi walinichukulia soda.

Siku moja walimwita ofisini kupeleka hizo karatasi. Komanda alikuwa amekaa, karatasi zake mezani, yeye amesimama upande wa pili kama mama mnyenyekevu, mikono tumboni. Alitoka pale akatembea polepole, kikapu kichwani, akapita depo moja moja kama anayetafuta chumvi ya bei nafuu. Kwangu aliingia, akashika kiroba, akasema bila kuniangalia, "Kesho banakuya na kamio tatu. Wewe njo wa kwanza ku liste yabo." Alikuwa ameisoma orodha ile juu chini, kutoka upande wake wa meza. Kabla ya jua kuzama maduka ya mtaa mzima yalikuwa matupu, mizigo imelala chini ya vitanda na ndani ya jikoni za watu. Asubuhi komanda alipata rafu na paka. Sisi wafanyabiashara tukachanga tumpe kitu kikubwa. Akakataa. Wiki iliyofuata nilikwenda kuchapa kadi, nikadhani sasa, kweli sasa, atapunguza. Bei kamili.

Neno langu nililipata Kampala, siku nilipokuwa simtafutii mtu neno.

Nilikuwa nimelipia mzigo wa baiskeli, na habari ikaja kwamba barabara ya Kasindi imefungwa, wanapigana, magari yamerudi. Nilikuwa ndani ya duka la Mhindi mzee wa vipuri. Nilikaa kwenye gunia, nikashika kichwa, maana mzigo ule ulikuwa mtaji wote. Mzee hakusema pole. Akafunga mlango nusu, akaleta chai yenye maziwa, akakaa kwenye gunia la pili. Baadaye akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Mimi nafukuzwa hapa zamani. Sanduku moja. Nakuja tena mzee." Halafu akatoa chini ya kaunta kitabu kilichoraruka, akaanza kusoma kwa sauti, kwa lugha yake. Sikuelewa hata neno moja. Alisoma na mimi nilikunywa chai, na wanunuzi wakabisha, na hakufungua. Sijui ilikuwa muda gani. Moyo wangu uliteremka kidogo kidogo kutoka kooni mpaka mahali pake.

Alipofunga kitabu nikamuuliza hicho ni kitu gani. Akasema sahitya. Kwao vitabu vya namna hiyo, vyote, vinaitwa sahitya. Nikauliza maana. Alitafuta maneno ya Kiswahili, akaniangalia, akauangalia mlango uliofungwa nusu. "Pamoja," akasema. "Hii. Mimi, wewe, kukaa pamoja."

Nililirudia neno lile njia yote ya kuzunguka, kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Niliandika kwenye karatasi, nikaandika ndani ya kofia, nikaliimba. Nilifika Butembo nikashuka mteremko ule moja kwa moja, na mlango ulikuwa wazi, na ndani hakuna mtu. Kundi la askari lililoondoka lilikuwa limepakia mashine yake kwenye kamio ili wakachape huko waendako. Ukuta walikuwa wameukwangua, au mvua iliukwangua, paa lilikuwa limefunguliwa upande mmoja. Jirani aliniambia mama amekwenda na masanduku ya herufi, kwa jamaa yake, Mangina.

Mimi ni mtu wa kazi, sikuacha kazi kumtafuta mtu. Lakini kila mara nilipokuwa na mzigo wa upande ule nilifika Mangina kuuliza. Waliniambia alihamia Oicha. Oicha waliniambia amerudi Beni. Mara mbili niliambiwa amekufa na mara moja kwamba ameolewa, na hiyo ya kuolewa ndiyo sikuiamini kabisa. Watu walidhani ninamdai. Siwalaumu. Mtu kama mimi akimtafuta mjane kwa miaka, watu watafikiri nini? Nilikuwa na neno lake ndani ya kinywa, na lilikuwa linakaa vibaya, kama tonge ambalo huwezi kumeza wala kutema mbele ya watu.

Nilimwona mara ya mwisho Beni, mtaa wa Ruwenzori, vita ya pili ikiwa inakwisha kwenye redio na haijaisha barabarani. Nilikuwa na kamio ya mashu, kabichi nzuri za baridi ya Lubero, zinakwenda Bunia. Magari hayakuruhusiwa kwenda peke yake, yalikuwa yanangoja askari wa kuyasindikiza, na msafara, convoi tunavyouita, ulikuwa utoke mchana ule. Mama mmoja wa soko aliniambia, yule wako wa mashine anakaa pale nyuma ya kanisa, kwa mpwa wake.

Alikuwa kwenye baraza, anachambua maharagwe ndani ya ungo. Kitu cha kwanza nilichoona ni mikono yake. Ilikuwa safi, myeupe viganjani kama ya mtu yeyote. Nikamsalimia kwa Kinande.

"Wabukire, Mama."

"Jua iko juu ya kichwa, unanisalimia ya asubui." Hakuinua macho. "Patron. Ulizeeka."

"Na wewe, Mama."

"Miye nilianza mbele yako, iko haki yangu."

Nikamuuliza herufi ziko wapi. Akasema ziko kwenye ziwa. Aliziuza kwa kilo kwa watu wa nyavu, wanaziyeyusha na kuzifunga chini ya nyavu zizame. Alianza na zile ambazo Kifaransa pekee kinazitaka, halafu njaa ikachukua zingine. "Saa hii samaki njo banasoma," akasema, na akatupa harage bovu kwa kuku.

"Mama, nilikuletea neno."

Vidole vilisimama ndani ya maharagwe.

"Ulinunua?"

"Hapana."

"Mwenye alikupatia, alikuwa nafanya nini?"

Nikafungua mdomo, na shofari wangu akatokea kwenye kona ya nyumba, jasho limemshika. "Patron, convoi iko napangwa. Baaskari banasema ni sasa, mwenye haiko, anabakia."

"Ninakuja."

"Enda," akasema Mama wa Chapa. "Mashu haingojake. Utaniambia siku ingine."

Niliangalia miguu yake, ilikuwa imevimba. Siku ingine. Ningeweza kulitupa neno lile pale pale nikiwa nimesimama, ni silabi tatu, na maana yake ni neno moja. Lakini ningekuwa kama yule wa matairi wa Dubai, na Mama angeliweka kwenye kopo la misumari, na angekuwa na haki.

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Patron?" shofari akasema. "Na mashu?"

"Paki kamio ku kivuli."

"Convoi ingine hatujue ni siku gani."

"Nilikuambia ku kivuli."

Aliondoka akigeuka nyuma. Tangu aanze kazi kwangu hakuwahi kuona nikiacha mzigo, hata siku ya harusi ya binti yangu.

Nikamweleza Mama wa Chapa yote. Gunia, chai, mlango uliofungwa nusu, sanduku moja, sauti ya mzee inayosoma, watu wanaobisha. Aliniuliza chai ilikuwa na tangawizi au hapana. Aliniuliza kitabu alikishikilia mkono gani. Aliniuliza kama nilisinzia, nikakiri nilisinzia kidogo, akasema vizuri. Mpwa wake alileta karanga. Mbali, upande wa barabara ya kwenda juu, nilisikia injini zinawaka moja baada ya nyingine, na zikaenda. Ndipo nikamwambia: sahitya. Pamoja. Kukaa pamoja.

Akaweka ungo chini. Mkono wake wa kulia ukainuka mbele yake, juu ya sanduku ambalo halipo, ukaenda upande mmoja ukaokota, ukarudi karibu ukaokota, ukaenda juu. Ile y ilikuwa mbali pembeni, alinyoosha mkono wote kuifikia. Kila alichookota alikiweka ndani ya kiganja cha kushoto. Halafu akaniangalia mimi machoni, kama zamani, na mkono ukaendelea peke yake, na nilipohesabu nilielewa anapanga jina langu.

Akafunga kiganja. "Imeingia," akasema. "Wasingya, patron." Asante, kwa Kinande. Nilikuwa sijawahi kuisikia kwake.

Tulikaa mpaka jioni, tunasema habari za watu. Msafara mwingine ulichelewa, na Beni siyo Lubero, joto lake halina huruma. Mashu yalifunguka, yakawa maji, mengine nikawapa wenye nguruwe ili wanisaidie kusafisha kamio. Nimepiga hesabu ya kukaa kwangu pale: mashu yote, kodi ya kamio, chakula na kitanda cha shofari kwa siku tulizongoja. Dola mia sita arobaini na tatu.